Naks (Nakuru) hadi Kisumu kupitia Kericho, kurudi na Kakamega: tukate nini na tule wapi?

KitiChaNyuma

Wadau hamjambo. Tuko watu sita, wote wa hapa Naks, na wikendi hii ndefu ya Jamhuri tumekataa kabisa mambo ya Mombasa, tunachukua Noah ya mmoja wetu tunashika barabara ya magharibi. Kutoka ni Ijumaa alfajiri, kurudi Jumapili usiku, maana kuna manesi wawili ndani ya gari na zamu ya Jumatatu asubuhi haijui habari za Jamhuri.

Mpango uliandikwa na dada mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp usiku wa manane na tangu hapo hakuna mtu amethubutu kumpinga, kwa hivyo nauleta hapa mumpinge nyinyi. Ijumaa tunaanza na Menengai tuone jua likitoka, tunaingia Lake Nakuru kuona flamingo, saa sita tunatoka kwenda Kericho tupige picha kwa majani chai, tunalala Kisumu. Jumamosi ni Dunga, Impala Sanctuary, Kit Mikayi, halafu tunavuka kwenda kisiwa cha Rusinga kuona kaburi la Tom Mboya na kurudi. Jumapili msitu wa Kakamega, kisha Mlima Elgon kwa yale mapango ndovu huingia kulamba chumvi, halafu nyumbani. Dereva wetu alisoma hiyo meseji akajibu na picha ya dawa ya mgongo.

Sasa chakula, hapo ndio roho yangu iko. Wawili wanaogopa samaki wa miiba, mmoja ni Muislamu na hataki kubahatisha nyama, wengine tunakula chochote ambacho hakijatukimbia. Bajeti ni ya kawaida, sio ya watalii. Tukate nini, tupite wapi, na tufanyeje tusiuziwe samaki bei ya mgeni? Na tulale Kisumu siku zote ama tugawanye na Kakamega?

NaksDamu

Ati flamingo Lake Nakuru, na nyinyi ni wa Naks? Kwani hamjaenda huko tangu safari za shule? Maji yalipoanza kupanda ile miaka ya 2010 chumvi ya ziwa ikapungua, ule mwani wanaokula ukapungua pia, na wengi wao wakahamia Bogoria. Ziwa lilipanda mpaka likameza geti kuu la zamani. Siku hizi unaingia pale kwa sababu ya vifaru na twiga na kupanda Baboon Cliff uangalie chini, na hiyo ni kazi ya siku nzima, sio ya kufanya na jicho kwa saa. Nyinyi mnaishi hapa, mnaweza kuingia Jumapili yoyote mkitoka kanisani. Menengai vile vile, shimo lenye upana wa kama kilomita 12 haliendi mahali. Futeni zote mbili mtoke saa kumi na mbili asubuhi. Wanaotaka flamingo wapange Bogoria siku nyingine, wabebe na mayai ya kuchemsha kwenye zile chemchemi za maji moto.

DerevaWaTrela

Hiyo barabara nimeishi juu yake, nikibeba mzigo wa Busia na Malaba, wacha niongee ya lami kwanza halafu wenye tumbo waendelee.

Kutoka Naks hadi Kericho ni kama kilomita 110, Kericho hadi Kisumu kama 80, kwa ramani inaonekana kitu kidogo lakini kile kipande cha Salgaa, Sachangwan hadi Mau Summit kiheshimuni. Ni mteremko mrefu na sisi wenye mizigo tunashuka kwa gia, sasa kijana wa Noah anaona trela linajivuta anaanza kuchomoka kushoto kulia. Usichomoke. Kaa nyuma, washa redio. Pale Sachangwan ndipo lile tenka lilianguka Januari 2009 watu wakaenda kuchota mafuta, moto ukawaka, zaidi ya watu 100 wakafa. Mpaka leo ukiona tenka limelala na watu wanakimbia nalo na mitungi, wewe kimbia upande ule mwingine.

Mau Summit njia inagawanyika. Malori ya Malaba mengi yanashika kulia kwenda Eldoret, nyinyi mnashika kushoto na mtapumua kidogo. Lakini Londiani Junction hapo, tafadhali, kama mnataka viazi ama mahindi ya kuchoma, toeni gari kabisa barabarani muingie ndani. Juni 30, 2023 lori lilipoteza mwelekeo likaingia kwa wachuuzi na matatu zilizosimama, zaidi ya watu 50 wakaenda. Mimi nikipita hapo huwa siendi hata kwa dirisha la mwenye mahindi, namwita aje upande wa ndani.

Kwenye vile vituo vidogo vyote mwendo ni 50, na askari wa kamera anapenda wikendi ndefu kuliko nyinyi.

Viazi na kondoo ni Molo, lakini nyama mbichi msinunue mkienda, nunueni mkirudi, ndani ya gari hamtaki hiyo harufu hadi Kisumu.

BintiWaKericho

Kila mtu anapita Kericho akishika simu nje ya dirisha halafu anasema ameona Kericho. Mkitoka Naks saa kumi na mbili, saa tatu hivi mko kwetu na hiyo ndio saa nzuri, kwa sababu mvua yetu inapenda kuja mchana. Ukungu ukishatoka yale majani yanakuwa ya kijani mpaka macho yanauma. Mashamba mengi ni ya kampuni kwa hivyo msiruke tu mfereji mkaingie katikati kwa ajili ya picha, ulizeni mlinzi, wengi watawaonyesha mahali pa kusimama. Na mkiona mashine zinavuna badala ya watu msianze kushangilia teknolojia mbele ya wenyeji, hiyo ni maneno mazito huku, kuna watu walipoteza kibarua na mashine zilishawahi kuchomwa moto.

Chakula. Ingieni kibanda cha kawaida mjini, chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja, chapati, maharagwe, mtalipa kidogo na mtashiba. Mursik, yale maziwa yetu yaliyoganda, mkipata wa mtu mnayemwamini, ule wa kwenye kibuyu uliopakwa mkaa wa mti wa senetwet, onjeni kikombe. Kikombe, nimesema. Kuna wageni wangu walipiga jagi zima hapa kwa baridi halafu wakashuka Awasi na lile jua, na sitaeleza zaidi.

Huyo Muislamu wenu na wale wa kuogopa miiba waambieni kuna lile hekalu la Masingasinga, kubwa, jeupe, huwezi kulikosa. Chakula ni cha mboga, cha wote, na hulipi. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini na wengine. Usijaze sahani ukaacha, hilo ndilo kosa. Ni mahali pa ibada kwanza, sio hoteli ya bure, kwa hivyo msiingie mkipiga kelele za safari.

Omera_wa_Dunga

Omera, huo mpango wa Jumamosi ni wa helikopta. Rusinga na kurudi, pamoja na Kit Mikayi, pamoja na Dunga, siku moja? Kwenda Rusinga mnashuka Luanda K'Otieno mnapanda feri na gari hadi Mbita, ama mnazunguka na Homa Bay, vyovyote siku imeisha. Na ukifika unataka kukaa: kaburi la Mboya peke yake lina mambo ya kusoma, halafu kule ndiko Mary Leakey alitoa lile fuvu la Proconsul, nyani wa kale, 1948, halafu Mfangano iko hapo mbele na michoro yake ya kwenye miamba. Ipeni wikendi yake.

Mimi kama mwenyeji nawaambia pangeni Kisumu kwa saa za samaki. Watu wa Naks na Nairobi wanafika Dunga saa nane mchana wakitoka kuzunguka, wana njaa, wana haraka, wanakula yaliyobaki kwa bei ya njaa yao. Fikeni asubuhi, mitumbwi ikiwa inaingia. Mnaona samaki akipimwa, mnaona kina mama wakibishana na wavuvi, hiyo peke yake inashinda Impala Sanctuary kwa mtu ambaye anatoka mji wenye mbuga nzima. Hapo hapo pandeni boti kabla upepo wa mchana haujaanza, maji yakiwa yametulia, kiboko huwa karibu na mafunjo. Jaketi la kuokolea livaliwe na kila mtu, hata yule anayesema alijua kuogelea mtoni, na bei ni ya boti ama ya mtu? Ulizeni hilo kabla ya kukanyaga ndani.

Sasa samaki. Wenu wawili wa miiba hawana shida yoyote, wape mbuta (sangara). Ni mnofu mnene, mifupa mikubwa unaiona. Mbuta si wa asili huku, waliletwa ziwani miaka ya 50 na 60, wakala fulu, wale samaki wadogo wa hapa, karibu wote, wazee bado wanawalaumu lakini wanawala. Ngege (tilapia) ndiye wa wenyewe. Siku hizi ngege wengi ni wa vizimba humo humo ziwani na wengine wanatoka China wakiwa barafu, kwa hivyo usimtazame samaki mgongo, fungua shavu: likiwa jekundu na jicho liko wazi, huyo ni wa leo. Jicho likiwa na ukungu, msalimie upite.

Bei unakubaliana samaki akiwa bado mbichi mkononi, na unauliza wazi kama ugali, mboga na kachumbari ziko ndani. Akishaingia kwa mafuta wewe huna tena sauti. Ombeni wa mchuzi na wa kukaanga mchanganye, kwa sababu wa kukaanga peke yake unakauka kooni na wa mchuzi peke yake mtagombania kichwa. Mboga ombeni osuga ama dek iliyolala na maziwa, sukuma wiki mnayo kwenu. Na mkono, jamani, mkono. Mtu akiitisha uma Dunga tunajua ametoka mbali.

Jioni ya Ijumaa mkiwa mmefika mapema kaeni karibu na maji. Kama mwezi haujatoka mtaona taa za wavuvi wa omena (dagaa) zimetapakaa huko ndani mpaka mtafikiri kuna mji ng'ambo.

NaksDamu

Huyu Omera ameandika ya samaki tu, na Kit Mikayi je?

Omera_wa_Dunga

Nendeni, ni karibu, chini ya kilomita 30 kwa barabara ya Bondo, mnaachana na ya Busia pale Kisian. Ni yale mawe makubwa yaliyobebana, mnapenya katikati hadi juu. Viatu vya kushika, sio slipa. Mtakuta watu wanaomba na kufunga humo ndani, wapisheni na msipige picha bila kuuliza. Kuna kina mama wanaimba na kucheza wageni wakifika, ukicheza nao unatoa kitu kidogo, hiyo si kuibiwa ni heshima. Saa moja na nusu inatosha.

Mvua ikiwapata mjini ingieni makumbusho ya Kisumu, mle kuna boma zima la Kiluo limejengwa vile linafaa kuwa, nyumba ya mke wa kwanza inakaa wapi, simba, ile nyumba ya kijana, inakaa wapi. Muislamu wenu mjini asihangaike, karibu na msikiti kuna hoteli za Waswahili na Wasomali, pilau na nyama ya mbuzi, na mimi mwenyewe siku nikichoka na samaki huko ndiko nakimbilia.

MulamwaWaKhayega

Nimesoma yote nikingoja mtu aseme kuku, hakuna. Mulamwa, mnakuja kwetu Jumapili ati mpite tu mkienda Elgon? Mapango ya Kitum yako kule juu Trans Nzoia, ukitoka Kakamega ufike, uingie, utoke, urudi Naks usiku huo na manesi wakiwa hai? Haiwezekani. Futa Elgon.

Fanyeni hivi. Jumamosi alasiri tokeni Kisumu, ni kilomita kama 50 tu, Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, mnaingia Khayega. Kabla hamjakata kulia kwenda Shinyalu, pitilizeni kidogo hadi Ilesi muone lile jiwe la kulia, jiwe refu limesimama na lingine limekaa juu yake kama kofia, na maji yanateremka usoni. Kando ya barabara hapo Ilesi wanauza vyungu vya udongo, vizuri sana na bei ni ya kuongea. Halafu rudini mlale upande wa Isecheno, karibu na msitu.

Jumapili amkeni gizani. Watembezaji wa msitu mnawapanga jana yake, mnapanda kilima cha Lirhanda mwangalie jua linatokea juu ya miti. Huu ndio msitu pekee Kenya wa ile jamii ya misitu ya Kongo, kwa hivyo hata kama umeona misitu mingine hii ni kitu kingine, mbega weusi na weupe, ndege zaidi ya aina 300, na ukibahatika yule ndege mkubwa wa bluu anayeruka kama ana mizigo. Kwenye kilima kuna tundu la machimbo ya dhahabu ya zamani, miaka ya 30 Wazungu walikimbilia Kakamega kutafuta dhahabu, sasa waliobaki ndani ni popo. Bebeni tochi. Shukeni kabla ya mchana maana mvua huku ina saa yake.

Sasa kuku. Ingokho, yaani kuku kwa Kiluhya, sio kitu unaingia saa saba unaitisha saa saba na robo unakula. Kuku wa kienyeji anachemka, anachemka tena, ndipo anaongea. Piga simu Jumamosi, sema kuku wangapi, sema utafika saa ngapi. Huyo ndugu yenu Muislamu mwambieni aje mapema achinje yeye mwenyewe kwa mkono wake, hakuna mtu hapa atakataa, tena watamshukuru kwa kusaidia kazi. Ugali uwe wa mtama ama wimbi, ule mweusi, na mrenda pembeni. Firigisi msiguse kabla hamjajua mkubwa wa meza ni nani, mtaleta vita.

Kitu kimoja tu kinaniuma: mafahali hupigana asubuhi mapema, mara nyingi Jumamosi, huku Shinyalu na Khayega. Fahali kwa fahali, ngoma za isukuti zinalia, watu wanakimbia huku na kule. Na nyinyi Jumamosi asubuhi mtakuwa mnafungua mashavu ya samaki.

Omera_wa_Dunga

Wacha wafungue mashavu. Fahali hali mtu.

MulamwaWaKhayega

Lakini anaweza kumpiga mtu wa Dunga aliyesimama mbele ili apige selfi. Mkija siku nyingine, simameni nyuma ya wazee, wazee wanajua upande wa kukimbilia.

KitiChaNyuma

Wadau asanteni sana, nimebeba haya yote nikayatupa kwa kundi. Dada mpangaji amenuna kama saa moja halafu ameandika mpango mpya kana kwamba ni wake. Menengai, flamingo, Rusinga na Elgon zimeenda. Ijumaa Kericho asubuhi, chai na kikombe (kikombe!) cha mursik, tunashuka Kisumu mchana. Jumamosi Dunga mapema, Kit Mikayi, alasiri Kakamega. Jumapili msitu na kuku.

Maswali yaliyobaki. Moja, kuna mtu analilia picha ya ikweta pale Maseno, inafaa? Mbili, Jumapili turudi na njia gani tukiwa tumeshiba namna hiyo? Tatu, tikiti za mbuga na msitu tunalipa vipi, pesa taslimu ama?

BintiWaKericho

Mbuga za KWS (shirika la wanyamapori) ni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, hawapokei pesa mkononi, kwa hivyo fungueni akaunti nyumbani mkiwa na mtandao mzuri sio pale getini mkipandisha simu juu hewani. Kwa Kakamega kumbuka ni mbili: Buyangu, upande wa barabara ya Webuye, ni ya KWS, Isecheno ni ya watu wa misitu wa KFS. Mpigieni mtembezaji wenu awaambie ya Isecheno inalipwa vipi.

Omera_wa_Dunga

Maseno iko kwa barabara ya Busia, mkitoka Kit Mikayi mnarudi Kisian halafu mnapanda. Kama muda upo, ni picha ya dakika tano. Kama haupo msilie, Kisumu iko kusini ya ikweta na Kakamega iko kaskazini, mtaivuka tu mkiwa mmelala kwa gari.

DerevaWaTrela

Na mtaivuka tena mkirudi. Njia ya kurudi: msirudi Kisumu. Kutoka Khayega shukeni Chavakali, shikeni ya Kapsabet, Nandi Hills, Lessos, mtokee barabara ya Eldoret. Nandi Hills simameni, majani chai ya huko yanapanda na kushuka kuliko ya Kericho (Binti utanisamehe), na kuna makumbusho ya Koitalel arap Samoei, yule kiongozi wa Wanandi aliyepigwa risasi na afisa Mwingereza Meinertzhagen 1905 alipoitwa kwa mazungumzo ya amani. Halafu Timboroa, pale toeni masweta kwa mifuko, ile baridi haina utani hata Desemba.

Muhimu ni saa. Kuku aliwe saa tano, saa saba gari liwe linatembea. Ukichelewa utashuka Mau Summit hadi Salgaa gizani, na taa za trela usoni, na dereva ambaye tumbo limejaa ugali wa wimbi. Huyo dereva aliyetuma dawa ya mgongo apewe mtu wa kupokezana naye, na huyo wa kupokezana asiwe yule atakayekuwa ameshiba zaidi.

Kagueni tairi la spea kabla ya Ijumaa. Sio kuliangalia, kulijaza upepo.

BintiWaKericho

Ati kuliko ya Kericho. Nimeiona hiyo mzee, tutaongea.

KitiChaNyuma

Spea imekaguliwa, haikuwa na upepo hata kidogo, asante mzee. Swali la mwisho kabisa, mama yangu ameniagiza obambla (samaki wa kupasuliwa na kukaushwa) na omena kavu za kutosha, na wenye gari wanasema harufu hiyo haipandi Noah yao. Mnasafirishaje?

Omera_wa_Dunga

Gazeti, halafu gunia, halafu gazeti tena, nyuma kabisa mbali na nguo. Omena ikikauka vizuri haisumbui sana, obambla ndio atawasalimia kila mkifungua mlango. Nunueni soko la Kibuye mkitoka, chagueni iliyokauka hadi inagonga ukiipiga kidole.

KitiChaNyuma

Tumepiga kura. Obambla anapanda lakini kwa keria ya juu. Noah haina keria. Kuna mtu Naks anakodisha?